Kitufe cha Okoa

Maktaba ndogo ya Barabara ya Holderness, Hull,
Jumamosi ya mvua isiyonyesha wala kukoma.
Mwanangu kakumbatia vitabu vinne vya majoka,
nami nimesimama mbele ya mashine ya kuazimia.
Chagua lugha, yasema. Nashuka, nashuka,
nakipita Kipolandi, nakipita Kisomali,
nakuta Kiswahili, nashtuka
kama mtu aliyeitwa kwa jina sokoni.

Halafu kitufe chini, cha kijani: OKOA.
Okoa nini? Nani anazama?
Nikacheka peke yangu hadi mtoto akaona haya.
Walitaka kusema hifadhi, masikini,
wakaleta mahubiri.

Bi Oglesby wa mezani akauliza kinachochekesha.
Nikamweleza. Akasema, Basi kirekebishe.
Mimi? Mimi nadeki hospitali, zamu ya usiku.
Akasema programu hii haina mwenyewe,
yaani wenyewe ni wengi; msimbo wake uko wazi kama kiganja,
anayeiona kasoro ana ruhusa ya kuishika.
Nikadhani ni adabu tu za Waingereza,
karibu chai isiyo na chai.

Usiku ule, mapumziko ya saa tisa,
ndoo kando, simu mkononi,
nikausoma mwongozo wa wageni mara tatu.
Mara ya kwanza sikuambulia neno.
Mara ya pili nikang'amua kwamba hata walioandika
walikuwa na wasiwasi tusije tukakimbia.
Anza na dogo, ulisema. Uliza kabla hujachimba.
Chukua nakala yako, ivuruge upendavyo,
ile ya wote haitaumia.

Sikuanza na dogo.
Nani hupewa ufagio akafagia kigae kimoja?
Nilibadili maneno arobaini na moja kwa pigo moja,
na nilipokuta vijialama, mabano yenye mikia,
nikavifuta, maana ndiyo kazi yangu, kufuta.
Nikatuma. Nikarudi kwenye korido ya wadi ya saba
moyo ukidunda kama nimeiba.

Siku tano, kimya.
Ya sita, jibu: Gethin Prosser wa Aberystwyth,
mtunzaji asiyelipwa hata peni,
huishughulikia programu usiku akishalaza watoto.
Asante, aliandika. Asante ilitangulia, naikumbuka.
Kisha: yale mabano ni kiti cha jina la mtu.
Umekiondoa, sasa mashine inasema Karibu, halafu inanyamaza,
haijui inamkaribisha nani.
Tafadhali, neno moja moja. La kwanza chagua wewe.
Na mwishoni kabisa: Lugha yangu ni Kiwelisi.
Najua inavyouma mashine ikikutamka vibaya.

Nilizima simu. Nilikasirika, nisiseme uongo;
siku mbili nilideki hadi sakafu ikaniogopa.
Ya tatu nikarudi. Neno moja.
Hifadhi. Herufi saba.
Nikalijaribu kwenye nakala yangu, nikalijaribu tena,
mabano yametulia mahali pake,
nikaeleza sababu: kwetu kitu huhifadhiwa,
anayeokolewa ni mtu.
Alfajiri likapokelewa.
Kwenye orodha ya waliochangia, chini kabisa,
wa mia mbili na kumi na saba: Zawena Shekiondo.
Nikamwonyesha msimamizi wa zamu.
Akauliza wamenilipa ngapi.

Sasa niko neno la ishirini na tatu.
Juzi kaja mgeni, Iqra wa Bradford,
anauliza kama Kiurdu chake kina nafasi,
na kama ni lazima mtu awe amesomea.
Nikamjibu kabla Gethin hajaamka:
Nafasi ipo. Mimi nadeki.
Usiguse mabano.

Leo tumerudi kuwaongezea muda majoka.
Toleo jipya halijafika Hull, asema Bi Oglesby,
pengine Pasaka, pengine baada.
Kitufe ni kilekile, kijani, OKOA.
Mwanangu akanitazama.
Nikakibonyeza.

Vitabu vikaokoka.